Kwa ndugu uliyeuliza wewe ni nani sasa, baada ya kazi kwisha

Ndugu yangu, nimeyasoma maneno yako mara mbili. Umesema kwamba mkataba wako umekwisha baada ya miaka tisa, kwamba huendi tena kanisani kwa sababu huna la kujibu watu wakikuuliza unafanya kazi wapi, na kwamba umeamua kungoja mpaka upate kazi nyingine ndipo urudi kuketi mahali pako. Umeomba Mkristo aliyepitia hali hiyo akueleze alijipata vipi. Mimi niko Goma, mashariki mwa Kongo, nami nimepitia. Nitaandika kwa urefu kidogo, kwa kuwa nilipouliza mimi, wengi walinijibu kwa maneno mawili tu, kwamba niombe, na maneno mawili hayakunitosha.

Nilifanya kazi ya lojistiki kwa miaka 11 katika shirika moja la misaada. Wewe uliye mbali huenda hujui kazi ya shirika ina maana gani katika mji huu. Mtu wa shirika hujulikana kwa beji shingoni na redio kiunoni. Mwenye nyumba humpangisha bila maswali mengi, na kwenye kikao cha mahari wazee humketisha mbele hata kama ni mdogo kwa umri. Mtaani kwetu Himbi watoto waliniita kwa jina la shirika kila waliponiona nikishuka garini, nami sikuwasahihisha hata siku moja. Mama yangu mzazi naye, aliponitambulisha kwa wageni, alitaja kazi kwanza, kisha ndipo akataja jina.

Januari 2025 vyote viliondoka kwa pamoja. Tarehe 20 rais wa Marekani alisimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na mradi wetu ulitegemea fedha hizo karibu zote. Juma moja baadaye wapiganaji wa kundi la waasi la M23 waliingia mjini, uwanja wa ndege ukafungwa na benki zikafunga milango. Barua ya kusitisha mkataba niliisomea kwenye simu. Nilikuwa na mazoea ya kutundika beji yangu kwenye msumari kando ya mlango, na kwa muda wa wiki kadhaa, kila nilipotaka kutoka, mkono wangu uliinuka wenyewe kuitafuta.

Siku zile maji ya bomba yalikatika tukawa tunateka ziwani. Mimi niliyekuwa nikipanga safari za magari ya maji kwenda kambini, nilisimama juu ya mawe meusi ya ufukwe wa Kivu nikiwa na bidoni mbili za njano, kofia nimeishusha hadi machoni ili nisitambuliwe. Mbele yangu alikuwa mama mzee aliyekimbia vita kutoka Masisi akakaa katika kambi ya Bulengo, ambaye kwa muda mrefu nilikuwa nikimwona kwenye foleni za mgao. Alinitambua papo hapo. Akasema, "Bwana wa shirika, na wewe unateka maji?" Kisha akauliza jambo ambalo hakuna mtu wa kambini aliyewahi kuniuliza: "Lakini jina lako wewe ni nani?" Nilimtajia jina langu la ubatizo. Alilirudia polepole mara mbili ili asilisahau, akaniambia kwamba atalitaja katika maombi yake ya jioni. Nilibeba maji yale hadi nyumbani nikiwa na aibu ya namna nyingine kabisa, kwa maana mama yule alikuwa amepoteza shamba, nyumba na mifugo, wala hakuonyesha shaka yoyote kwamba yeye ni mtu anayejulikana na Mungu.

Sitakudanganya kwamba nilipona siku hiyo. Kilichonifungua macho kilikuja baadaye, kupitia mzee mmoja wa kanisa letu, mwalimu mstaafu, aliyekuja kunitembelea jioni moja umeme ukiwa umekatika. Alinisomea kwa mwanga wa tochi ya simu habari ya mwana mpotevu katika Luka 15, habari ambayo nilidhani naijua, kisha akanitaka niangalie jambo moja. Kijana yule akiwa kati ya nguruwe alitunga maneno ya kumwambia baba yake, na sentensi ya mwisho ilikuwa ombi la kazi: amfanye kama mmoja wa watumishi wake. Alipofika nyumbani alianza kuyasema yale maneno kama alivyoyapanga, lakini ile sentensi ya kuomba kazi haikutoka, kwa sababu baba alikuwa amekwisha kuwaagiza watumwa walete vazi, pete na viatu. Alikwenda kutafuta ajira, akakuta kwamba bado ni mwana. Mzee akaendelea hadi kwa yule kaka mkubwa, ambaye hakuondoka nyumbani hata siku moja, lakini alipokasirika alihesabu miaka aliyotumika na malipo ambayo hakupewa. "Unaona?" akaniambia. "Wote wawili walijihesabu wafanyakazi. Baba ndiye pekee aliyekumbuka kwamba ana wana."

Mzee huyu alikuwa na haki ya kusema hivyo. Ni mmoja wa walimu waliofundisha katika miaka ya 1990, wakati wazazi ndio waliokuwa wakichanga pesa ili mwalimu apate kula. Aliniambia kwamba kama yeye angekuwa mshahara wake, angekwisha kufa tangu enzi ya Zaire.

Hapa niseme jambo linaloniuma kuhusu makanisa yetu, nami ninayapenda. Katika vipindi vya ushuhuda tumezoea kusimama na kumshukuru Mungu kwa mkataba mpya, kwa cheo, kwa gari. Kushukuru ni vema. Lakini nilisimama hivyo mara nyingi, na bila kujua nilikuwa nikimfundisha jirani yangu asiye na kazi kwamba Mungu hajamtazama bado. Zamu yangu ilipofika, fundisho langu mwenyewe lilinihukumu. Yesu alipobatizwa katika mto Yordani, sauti ilimwita Mwana mpendwa kabla hajafanya muujiza hata mmoja, na nadhani mpangilio huo wa mambo tunapaswa kuuhubiri zaidi ya tunavyouhubiri.

Jihadhari pia na mtego nilioingia mimi. Niliporudi kanisani nilijitia katika kila kamati: ujenzi, ukaribishaji, hesabu za sadaka. Watu walinisifu kwa bidii yangu. Mke wangu ndiye aliyeniambia kwamba nimebadilisha beji tu, na alisema kweli. Nilikuwa nikitafuta kiti kanisani cha kufunika kile nilichopoteza. Niliacha zote nikabaki na moja, kisha nikajizoeza kuketi kwenye ibada bila kushika kitu chochote mikononi. Hilo lilikuwa gumu kuliko kubeba maji.

Wala sikuambii uidharau kazi. Adamu alipewa bustani ailime kabla ya dhambi kuingia, Paulo alishona mahema Korintho pamoja na Akila na Prisila, na karo ya watoto hailipwi kwa tafakari. Kwa sasa ninauza mbao na bati pamoja na shemeji yangu, na ninapima mbao zile kwa uangalifu uleule niliokuwa nao nilipohesabu shehena. Mtu akiniuliza ninafanya kazi wapi, ninamjibu bila kuzunguka, naye huendelea na mazungumzo yake. Zipo asubuhi ambazo mkono bado unainuka kuelekea ule msumari.

Kuhusu swali lako la kungoja: usingoje. Kijana yule hakuazima viatu njiani ili afike kwa heshima. Viatu alivikuta nyumbani. Mimi nilirudi Jumapili moja ya Machi, kwa miguu, nikiwa nimechelewa, nikaketi benchi la nyuma karibu na mlango. Mzee yule mwalimu alikuwa pale. Alisogea, akanifungulia kitabu cha nyimbo kwenye ukurasa uliokuwa ukiimbwa, akaendelea kuimba.