Kabla hujaliwekea tanuri lako la umeme kidhibiti joto

Wafinyanzi wenzangu wenye tanuri la umeme la swichi za kuzungusha, moto mdogo, wa kati na mkubwa, huniuliza kama kidhibiti joto kina faida. Kinayo, tena kubwa. Udongo unahitaji kupandishwa polepole kabla maji hayajaisha, na tena karibu na nyuzi 573 za Selsiasi, kwa sababu hapo mchanga wa kwati ulio ndani yake hutanuka ghafla na chombo kinaweza kupasuka. Swichi tatu haziwezi kukupa mwendo huo.

Nunua kidhibiti chenye programu za hatua. Vile vya bei rahisi hushikilia joto moja tu. Vinafaa kwa oveni, si kwa vyungu. Uchomaji wangu wa kwanza wa vyombo, ule wa kabla ya kupaka glezi (rangi inayoyeyuka kuwa kama kioo), huenda hivi: nyuzi 80 kwa saa hadi 95, hapo nasubiri saa mbili vyombo vinene vikauke, kisha 100 kwa saa hadi 600, halafu 150 kwa saa hadi 1000.

Lakini kidhibiti kinajua jambo moja tu: joto la ncha ya themokapo, yaani kipima joto cha nyaya mbili kinachoingia ndani ya tanuri. Kwa hiyo hapo ndipo pa kuweka pesa. Aina ya K inatosha kwa kuanzia, ila huchakaa haraka ukichoma mara kwa mara zaidi ya nyuzi 1200. Aina ya S, ya platinamu, ni ghali lakini hudumu. Hakikisha kidhibiti kimewekwa aina hiyohiyo. Ncha iingie ndani ya chumba sentimita mbili na nusu au zaidi, isiguse rafu wala chombo. Kutoka kwenye themokapo hadi kidhibiti tumia waya wake maalumu. Ukiunga waya wa kawaida wa shaba pale karibu na ukuta wa moto, kidhibiti kitasoma pungufu na tanuri litapitiliza. Ukiona namba zinashuka huku tanuri linapata moto, nyaya zimegeuzwa.

Kuhusu usalama sina mzaha. Tanuri la kilowati 6 kwenye volti 230 huvuta ampea 26 hivi, kwa muda wa saa nyingi mfululizo. Kazi hiyo mpe fundi umeme aliyesomea, na ethi iwepo. Rilei ya kielektroniki, yaani swichi ambayo kidhibiti huitumia kuwasha na kuzima tanuri, haina kelele na hudumu, ila ikifa mara nyingi hubaki imewashwa, umeme ukaendelea kupita bila kukoma. Ndiyo maana nasisitiza iwepo pia kontakta, swichi kubwa ya pili inayokatwa na kengele ya joto la kupita kiasi. Na kile kifaa cha zamani chenye koni ndogo, kipande cha udongo maalumu kinachopinda kikiiva na kuzima tanuri, usiking'oe.

Ndani ya tanuri, weka koni nyingine za kushuhudia, za kutazama tu zilivyopinda, juu, katikati na chini. Udongo na glezi huiva kwa joto na muda pamoja, na koni huonyesha vyote viwili. Namba ya kidhibiti haionyeshi.

Mwisho, umeme wenyewe. Kilowati 6 kwa saa 12 haziwezi kuzidi yuniti 72, na kwa kuwa kidhibiti huwasha na kuzima utatumia chini ya hapo. Ziwepo kwenye LUKU kabla ya kuanza. Chagua kidhibiti kinachoendelea umeme ukirudi, na kiweke kianzie kwenye joto lililopo ndani, si mwanzo wa programu.