Challenger ya 1970 au Hellcat?

SWALI: Kaka, niko Houston, nataka Dodge Challenger. Mwenzangu kazini anasema ya 1970 yenye injini ya HEMI ina nguvu kuliko hizi mpya. Ni kweli?
Msomaji, Texas

JIBU: Hapana, ndugu yangu. HEMI ya 1970 ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 425. Hellcat ya 2015, toleo la kisasa la Challenger, ina 707. Tena zile 425 zilipimwa kwa mtindo wa zamani, injini ikiwa juu ya stendi bila ekzosi kamili wala mizigo mingine ya gari. Kuanzia 1972 viwanda vya Marekani vilianza kutangaza nguvu ya injini iliyofungwa vifaa vyake vyote, na tarakimu zikaporomoka.

Breki je? Wengi walionunua ile ya 1970 waliondoka dukani na breki za dramu magurudumu yote manne. Injini nzito ya V8 na dramu, barabara ikiwa na maji! Mimi ningechukua Hellcat.

Ila kama moyo wako uko kwa mzee, kabla ya kutoa hata senti, chungulia kupitia kioo cha mbele, upande wa dereva, usome namba ya chasisi. Alama ya tano, ukihesabu herufi na tarakimu pamoja, isipokuwa R, hiyo HEMI imepandikizwa baadaye; usilipe bei ya HEMI ya kiwandani.