Usinunue stata kabla hujapima waya wa ethi

Ndugu yangu, usitume hizo shilingi 280,000 za stata kabla hujapima waya wa ethi, ule mnene unaounganisha hasi ya betri na injini. Umeeleza kwamba gari lako limelala hapo Lindi Mjini tangu juzi, kwamba ukizungusha ufunguo linatoa mlio mmoja wa "ka" kisha kimya, kwamba taa zinawaka vizuri, na kwamba fundi amesema stata, ile mota inayozungusha injini ili iwake, imekufa. Ukauliza stata iliyotumika inatambuliwaje kuwa nzima, uagize Dar es Salaam au utafute huko huko, na kama gari la gia otomatiki linaweza kuwashwa kwa kusukumwa. Mimi sikufika kwenye maswali hayo, niliishia pale ulipotaja taa na stata, kwa sababu maneno hayo ya fundi wako niliyasikia neno kwa neno, na nikayalipia.

Naishi Mikindani, nina pikapu ya dizeli, na msimu wa korosho hubeba magunia kutoka mashamba ya upande wa Nanyamba hadi kwenye maghala ya vyama vya msingi. Mwezi Oktoba, msimu ukiwa ndio kwanza umefunguliwa, pikapu ikaanza mlio huo huo. Fundi alikuja, akawasha taa za mbele, akaniambia nizungushe ufunguo, akaona taa hazififii, akatoa hukumu kwamba umeme upo na stata ndiyo mbovu. Nilimwamini kwa sababu ovaroli lake lilikuwa na mafuta mengi kuliko injini yangu. Nikanunua stata iliyotumika kwa shilingi 350,000, kisha nikafanya kosa linaloniuma kuliko fedha hiyo: nikamwachia stata yangu ya asili, iliyokuja na gari, kwa shilingi 20,000, eti ni chuma chakavu tu. Ilikuwa nzima kabisa, na sina shaka kwamba hivi sasa inazungusha injini ya mtu mwingine.

Gari liliwaka mara ya kwanza, nami nikamsifu fundi mbele za watu. Kumbe ili aifungue stata ilimbidi azifungue nyaya za betri, na katika kuzirudisha aliutikisa waya uliokuwa na ubovu, ukashika kwa siku chache. Siku ya nne, nikiwa nimeshapakia magunia shambani, ka! Akasema basi ni betri, nikanunua betri mpya, haikusaidia kitu. Nilikaa siku tisa bila kazi, nikiyatazama magari ya wenzangu yakipita na magunia ya wateja wangu, nami nikiyapungia mkono kama mwenye shughuli anayeaga wageni.

Linalonitia hasira zaidi ni kwamba dalili ilikuwa wazi. Baada ya kujaribu kuwasha mara kadhaa niligusa waya unaotoka kwenye pedali ya mafuta, nikaungua kidole, na fundi akanijibu kuwa hilo ni joto la injini. Joto gani, la injini ambayo haijawaka tangu jana? Ule ulikuwa umeme wa stata, ambao ulikosa njia yake ya kurudi kwenye betri ukaamua kupita humo.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja anayetengeneza injini za boti, ambaye anaijua chumvi ya bahari kama adui wa ukoo. Alichukua waya wa kuazimia umeme, ncha moja akaibana kwenye nguzo ya hasi ya betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, akaniambia niwashe, na gari likanguruma. Tulipoupasua waya mnene wa ethi, ambao kwa nje ulionekana mzima, shaba ya ndani ilikuwa imegeuka unga wa kijani kama ugoro ulioharibika. Waya mpya na vichwa vyake vilinigharimu shilingi 18,000.

Taa zilitudanganya kwa sababu zina njia yake: waya mwembamba unaotoka kwenye hasi kwenda kwenye bodi. Taa mbili za mbele hutumia takriban ampea 10, ilhali stata huhitaji zaidi ya 100, na ya dizeli hata zaidi ya hapo, nayo hurudisha umeme kupitia injini. Kwa hiyo taa kali hazithibitishi chochote kuhusu waya wa injini.

Azima mita. Weka gia kwenye P, vuta breki ya mkono, na kwanza pima betri: ikiwa imejaa itasoma karibu volti 12.6, na ikiwa chini ya 12.2 ichaji kabla ya kuendelea. Kisha weka ncha moja ya mita kwenye nguzo yenyewe ya hasi, si kwenye terminali (kile kichwa cha waya kinachoibana nguzo), na nyingine kwenye chuma safi cha injini, mwenzako azungushe ufunguo. Ikizidi nusu volti, ubovu uko kwenye waya huo au kwenye maungio yake. Yangu ilisoma 6. Rudia kati ya nguzo ya chanya na boliti nene ya stata. Pande zote mbili zikiwa salama, na betri isiposhuka chini ya volti 9.6 wakati wa kuwasha, hapo nitakubali kwamba fundi wako ana hoja, na hata hivyo stata ya zamani usimwachie. Andika hapa namba utakazozisoma, usiku huu nipo.