Kabla hujamlipia mtoto kozi ya roboti mtandaoni

Kozi ya kwanza niliyomlipia binti yangu ilikuwa na video arobaini na mbili. Alizimaliza zote likizo ya Juni, akapewa cheti chenye jina lake na mhuri wa rangi ya dhahabu, tukakichapisha, babu yake akakibandika sebuleni. Siku chache baadaye nikamwekea mezani betri mbili, rezista (kile kipande kinachopunguza umeme), nyaya na kile kitaa kidogo cha LED, nikamwambia, haya, kiwashe. Hakuweza. Alikuwa na miaka tisa na angeweza kukueleza kwa Kiingereza kizuri sensa, yaani kifaa cha kuhisi mwanga au umbali, ni kitu gani, lakini hakuwa anajua kwamba mguu mrefu wa LED ndio unaokwenda upande wa chanya. Alikuwa ameona mikono ya mtu mwingine ikifanya, basi.

Hiyo ni miaka minne iliyopita. Sasa kila Jumamosi tunakaa barazani, yeye, mtoto wa kaka yangu na watoto wawili wa jirani, na laptop mbili ambazo moja haina kibodi kamili. Kozi za mtandaoni bado tunazitumia sana. Ila nimejifunza kuzichagua, na hilo ndilo ninaloulizwa kila mara na wazazi wenzangu wa shule.

Wengi huanza kwa kuuliza bei ya vifaa. Mimi nasema acha vifaa kwanza. Mtoto wa miaka minane na kuendelea mwanzishie Scratch, ile programu iliyotoka MIT, chuo cha Marekani, mwaka 2007. Ni bure, ukishaipakua kwenye kompyuta inafanya kazi bila intaneti, na lugha unaweza kuibadilisha iwe Kiswahili. Kwa wadogo zaidi, wa miaka mitano hadi saba, ipo ScratchJr. Hapo mtoto anapanga vipande vya maagizo kama matofali na kuona paka akitembea, na bila kujua anajifunza mambo mawili yatakayomfaa maisha yake yote ya roboti: kurudia, na "kama hivi, basi vile". Binti yangu aliwahi kumwambia bibi yake kwamba anajifunza kuandika kodi. Bibi akaniita pembeni kuniuliza kama TRA, wale wakusanya kodi wa serikali, siku hizi wanafuata mpaka watoto.

Baada ya hapo nenda kwenye tovuti ya Tinkercad, nayo bure. Ina sehemu ya sakiti, yaani mizunguko ya umeme, ambapo mtoto anachukua bodi ya Arduino ya kwenye skrini, ile bodi ndogo inayoendesha roboti kwa maagizo unayoyaandika, anachomeka nyaya, anaandika programu na kuiendesha. Ninachokipenda ni kwamba inaadhibu. Ukiweka LED bila rezista, inakuonyesha alama ya mlipuko palepale. Mtoto wa kaka yangu aliunguza LED za namna hiyo jioni nzima kwa makusudi, akicheka. Kwa vifaa vya kweli angekuwa amenitia hasara, na mimi ningekuwa nimempigia kelele. Micro:bit nayo, ile bodi ndogo yenye vitaa 25 ambayo BBC waliwagawia wanafunzi wa Uingereza mwaka 2016, ina kiigizo chake kwenye kivinjari, kwa hiyo unaweza kuijaribu kabla hujainunua.

Mwezi mmoja au miwili ya hayo na utajua kama mtoto anataka kweli. Kama hataki, hujapoteza kitu zaidi ya bando.

Sisi vifaa tulivipata Kariakoo, na vingine tulivichomoa kwenye DVD na printa zilizokufa. Mota ya kwenye sinia la DVD ni mota kama mota nyingine. Tahadhari mbili tu. Bodi za Arduino za bei nafuu nyingi hutumia chipu ya CH340, na kompyuta ya zamani huenda isiitambue mpaka uiwekee programu yake. Nilipoteza siku mbili nikidhani nimeuziwa bodi mbovu. Na zile betri za lithiamu za kutoka kwenye laptop za zamani usimpe mtoto, hata kama fundi atakwambia hazina shida. Betri nne za kawaida za AA zinatosha.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Tulikuwa tunatengeneza gari linalokwepa ukuta. Sensa yake ni ile yenye macho mawili, inapiga sauti tusiyoisikia, inangoja mwangwi, inahesabu muda. Ukuta ukiwa mita moja mbele, sauti inakwenda na kurudi kwa karibu milisekunde 6, yaani ukiigawa sekunde moja vipande elfu, ni vipande sita tu. Popo wadogo wanaowinda wadudu hufanya hivyohivyo kila magharibi, kwa hiyo hapo sikuhitaji maelezo marefu. Mwalimu wa kwenye video alichomeka, akabonyeza, gari lake likaondoka. La kwetu likatetemeka tu, mota zikaguna, likatulia.

Binti yangu akarudisha video nyuma. Akaitazama tena. Mara ya tatu. Kwenye video kila kitu kilikuwa sawa, kwa sababu kwenye video kila kitu huwa sawa. Mimi nilikuwa nimeshaona kosa. Betri za mota zilikuwa peke yake na bodi ilikuwa inapata umeme kwa waya wa USB, na hakuna waya uliounganisha hasi ya betri na GND ya bodi, yaani upande wake wa hasi. Ulimi uliniwasha. Nikaenda jikoni kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Ikapita karibu nusu saa. Niliwasikia wakichomoa waya mmojammoja, wakichora kwenye daftari umeme unatoka wapi na unaishia wapi. Kisha mtoto wa kaka yangu akauliza, "Sasa hii bodi ikimwambia mota zunguka, umeme wa hiyo amri unarudia wapi?" Kimya. Halafu nikasikia gari limegonga mguu wa meza.

Lile swali hakuna video iliyolifundisha. Ndiyo maana nikiitazama kozi sasa, cha kwanza ninachotafuta ni kama kuna mahali mambo yanaharibika. Mwalimu anayekosea mbele ya kamera na kutafuta kosa kwa sauti namlipa bila kusita. Anayeonyesha tu gari likitembea, hapana.

Kama darasa ni la moja kwa moja, uliza watoto wako wangapi. Wakizidi wanane mwalimu hawezi kuona meza ya kila mmoja. Na muulize kamera ya mtoto inatazama wapi. Kwetu simu inalala juu ya vitabu viwili, kioo juu, jicho la nyuma limechungulia nje ya ukingo na kutazama mikono na nyaya. Mwalimu anahitaji kuona bredibodi, ule ubao wa matundu ya kuchomekea nyaya. Sura ya mtoto wako haimsaidii kitu, na hakuna sababu ya sura hiyo kubaki kwenye video iliyorekodiwa ya watu usiowajua. Jina la utani linatosha pia. Tinkercad wenyewe wanaruhusu mwalimu afungue darasa ambalo mtoto anaingia kwa namba ya darasa na jina la kupanga.

Muda: dakika arobaini za kutazama na kujaribu, kisha zima intaneti kabisa. Tunapakua somo usiku, tunalitazama asubuhi, halafu saa mbili nzima ni za mikono. Umeme ukikatika, daftari lipo.

Lile gari lilikwenda vizuri mpaka lilipokutana na kanga yangu iliyokuwa imeanikwa kwenye kiti. Likaipitia kama haipo, kitambaa laini kinameza sauti, mwangwi haurudi. Wakaliita gari la kuogopa ukuta tu. Leo halipo tena. Mota mbili wamezihamishia kwenye feni ya banda la kuku, na sensa imefungwa juu ya pipa la maji uani, ilie maji yakikaribia kujaa, maana yanakuja usiku wa manane na mimi ndiye ninayeamka. Mpaka jana ilikuwa inalia pipa likiwa tupu. Binti yangu anashuku kwamba sauti inagonga ubavu wa pipa kabla ya kufika chini. Amenikataza kuigusa.