Jibu: Mdogo wangu amebadilika tangu ajali ya bodaboda

Pole sana dada. Unauliza kama mdogo wako, aliyeumia kichwa na sasa ana hasira na uchovu, anajiendekeza tu, maana kipimo cha CT (picha ya ndani ya kichwa) kilitoka safi na mwaka umeshapita. Hajiendekezi. CT huonyesha damu iliyovuja na mfupa uliovunjika. Nyuzi ndogo za neva zilizochanika mara nyingi haizioni. Sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo breki ya hasira, ikiumia mtu hufoka kwa jambo dogo. Uchovu nao ni wa kweli, si uvivu (wajomba waseme wanavyotaka). Mpeni kazi moja moja, asubuhi, redio ikiwa imezimwa. Simu imkumbushe dawa. Pombe aache kabisa. Degedege huweza kuanza hata miaka baadaye. Likimpata, mwahisheni hospitali.