Mtandio, Jezi na Skapulari: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Mavazi

Barua za mwezi huu zimejaa nguo. Wengine wanataka sheria, wengine wanataka ruhusa, na wachache wanataka tuwasemee majirani zao. Hao wa mwisho watusamehe, tumewaruka.

Tumsifu Yesu Kristo. Dominika iliyopita nilifika kanisani na watoto wawili, mmoja mgongoni. Mhudumu wa mlangoni alinirudisha kwa kuwa sikujifunika kichwa. Je, mtandio ni sheria? Na padre anaweza kuninyima Komunyo kwa ajili ya nguo? Mama, Nyakato

Milele amina, mama, na pole kwa usumbufu. Mtandio si sheria. Uliwahi kuwa sheria: Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1917, kanuni ya 1262, uliagiza wanaume wawe kichwa wazi kanisani, na wanawake wajifunike na kuvaa kwa adabu, hasa wanapoiendea meza ya Bwana. Mkusanyo wa sasa, wa mwaka 1983, uliufuta ule wa zamani, na agizo hilo haukulirudia. Tena hata kabla ya hapo, mwaka 1976, Idara ya Mafundisho ya Imani ilishatamka kwamba desturi ya wanawake kujifunika kichwa, ile tunayoisoma kwa Mtume Paulo katika 1 Wakorintho 11, haina tena nguvu ya sheria. Anayependa kujifunika ajifunike. Ni desturi nzuri na ina mizizi mirefu. Asiyejifunika hajakosa.

Kuhusu Komunyo, soma kanuni ya 843 ya Mkusanyo huo wa sasa. Anayetoa sakramenti hawezi kumnyima mtu anayeiomba kwa wakati ufaao, aliyejiandaa inavyostahili, na asiyezuiwa na sheria. Sasa, Katekisimu namba 1387 inasema mwenendo wa mwili, yaani ishara na mavazi, uonyeshe heshima, uzito na furaha ya kumpokea Kristo. Kwa hiyo parokia ina haki ya kufundisha watu wavae vipi. Kufundisha ni kabla ya Misa au baada yake. Kumtoa binti kwenye mstari mbele ya watu, au kumtaja kwenye kipaza sauti, si kufundisha. Anayefanyiwa hivyo mara moja, mara ya pili humwoni, na mara nyingi na mdogo wake humwoni pia.

Kwa wahudumu wa mlangoni, hili linafanyika kwa gharama ndogo: khanga nne safi kwenye kikapu, zikunjwe, zikae ndani ya mlango mahali pasipoonekana na watu waliokwisha kukaa. Mama amwendee mwanamke, kijana amwendee kijana. Anayehitaji apewe kwa sauti ya chini, “shika hii dada, utairudisha,” bila maelezo. Zifuliwe kila wiki, maana khanga yenye harufu ya mtu mwingine ni adhabu. Na kama mtu atakataa, aachwe aingie. Yakobo 2 inaanza na mlango huohuo: aliyevaa pete ya dhahabu anapewa kiti kizuri, maskini mwenye nguo chafu anaambiwa simama kule.

Binti yangu ana miaka 17. Nguo zake nyingi ni za mtumba wa soko la Mlango Mmoja, zinambana au ni fupi. Kanisa linataka urefu wa sentimita ngapi? Na suruali kwa msichana? Mzazi, Igoma

Hakuna sentimita, mama. Katekisimu, namba 2521 hadi 2524, inazungumza juu ya kiasi, na inakiri kwamba namna ya kiasi hutofautiana kutoka utamaduni mmoja hadi mwingine. Suruali haikukatazwa na sheria yoyote ya Kanisa. Wanaotaja Kumbukumbu la Torati 22:5 wasome na mstari wa 11, unaokataza nguo ya sufu iliyochanganywa na kitani, halafu watuambie suti zao zimefumwa kwa nini.

Kipimo tunachokiamini ni cha mwili wenyewe, kwa sababu Misa ni kazi ya mwili: unasimama, unakaa, unapiga magoti, unainama. Nyumbani, mbele ya kioo au ya dada yake, binti afanye hayo yote. Akae kwenye kigoda kifupi. Apige magoti kisha ainuke bila kushika pindo. Ainame kama anayeokota sarafu. Ainue mikono juu. Nguo nzuri ya kanisani ni ile ambayo ukishaivaa unaisahau. Anayevuta sketi chini kila baada ya dakika tano hasali, anapigana na kitambaa, na anayekaa nyuma yake anaangalia pigano.

Nguo ikishindwa jaribio, usiitupe, igeuze ndani nje. Kama imebana, tazama akiba ya kitambaa iliyobaki kwenye mishono ya ubavuni. Ukiachia sentimita 1 tu kwa kila kitambaa, mishono miwili inakupa jumla ya sentimita 4, na hizo zinatosha mtu kupumua. Tatizo ni kwamba nguo iliyopauka itaacha mstari mweusi pale mshono wa zamani ulipokuwa, kwa hiyo fungua sentimita 5 kwanza uone, kabla fundi hajafungua yote. Kama ni fupi, fumua pindo la chini. Ukikuta kitambaa cha kutosha umepona. Usipokikuta, ongeza ukanda wa kitenge. Ukitaka urefu uongezeke sentimita 12, kata sentimita 16: moja ya kuungia juu, tatu za pindo. Loweka kitenge usiku kucha kabla ya kukata, kwa sababu kikishonwa kibichi kitarudi kikifuliwa na kuivuta sketi ikunjane, na kikiwa chekundu kitamwaga rangi kwenye nguo nzima. Mpasuo mrefu ushonwe kuanzia juu kushuka, ila bakiza nafasi ya hatua, la sivyo atapanda ngazi za kanisa kama anayeruka kamba.

Nguo nyeupe nyembamba ni balaa la peke yake. Ndani ya nyumba inaonekana sawa. Mlangoni, jua la saa tatu likipiga kutoka nyuma, kila kitu kiko wazi. Watu huvaa shimizi nyeupe ndani wakidhani wamemaliza, kumbe nyeupe chini ya nyeupe ndiyo inayochora mstari. Vaa shimizi ya rangi iliyo karibu na ngozi yako.

Nauza dagaa mwaloni Kirumba. Nikitoka alfajiri napenda kuwahi Misa ya asubuhi, lakini nanuka samaki na nina gumbuti. Huwa nasimama nje dirishani. Nafanya vizuri? Kijana wa mwalo

Ingia ndani, kaka. Harufu ya kazi si kizuizi cha sakramenti yoyote, na walioitwa kwanza walikutwa kando ya ziwa wakiwa na nyavu mikononi. Ukitaka kupunguza harufu kwa ajili ya jirani wa benchi, osha mikono na viwiko kwa ndimu au siki iliyotiwa maji kabla ya sabuni. Harufu ya samaki hutoka kwenye kitu chenye asili ya magadi, na uchachu ndio unaoizima. Sabuni peke yake huiacha palepale. Weka shati moja la pamba kwenye mfuko uliofungwa vizuri, mbali na ndoo. Usichague la polista, hilo hunasa harufu na halitoi. Magamba yatazame kwenye mkunjo wa mkono wa shati, ndipo yanapojificha. Gumbuti suuza tu.

Zaidi ya nguo, kumbuka mfungo wa saa moja kabla ya kupokea Komunyo, kanuni ya 919. Chai na chapati za mwaloni zinahesabiwa, maji na dawa hazihesabiwi. Na ukipata nafasi soma Yohane 21:7. Petro yuko kwenye mtumbwi, amevua nguo kwa kazi. Anaposikia kwamba aliye ufukweni ni Bwana, anajifunga vazi lake kwanza, ndipo anajitupa majini. Mtu mwenye akili anavua nguo ili aogelee, yeye alivaa. Shati lako la kwenye mfuko ni la ukoo huo.

Jezi ya Simba au Yanga kwenye Misa, ni dhambi? Na kofia? Vijana wa VIWAWA (chama cha vijana Wakatoliki), Ilemela

Si dhambi. Lakini jezi huanzisha mazungumzo, na mazungumzo hayo yataendelea hadi kwenye mahubiri, hasa kama jana kulikuwa na mechi. Ivaeni baada ya Misa. Mvulana avue kofia mlangoni. Hiyo ni adabu yetu wote, Mkatoliki na asiye Mkatoliki. Mlegezo upimwe kwa jaribio lile la kupiga magoti, tena kwa aliyekaa nyuma.

Chama chetu kimebadilisha kitenge cha sare. Sina fedha mwaka huu. Nimeambiwa nisikae na wenzangu. Mwana-WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania), Sengerema

Sare ni ya chama, Misa ni ya wote. Vazi pekee ambalo liturujia yenyewe inamkabidhi kila Mkristo ni lile jeupe la ubatizo, na hilo ulishalipata. Kaa na wenzako kwa sare ya zamani. Viongozi nao watangaze kitenge kipya mapema, miezi mitatu au zaidi, ili mtu anunue kwa kudunduliza. Na ya zamani iruhusiwe mwaka mzima. Chama kinachomtenga mjane kwa ajili ya rangi ya kitambaa kimesahau kwa nini kiliundwa.

Je, naruhusiwa kuvaa rozari shingoni? Na skapulari yangu ya kahawia imekatika kamba. Nibarikiwe upya? Mkatekumeni wa zamani, Ukerewe

Rozari shingoni haijakatazwa. Wamisionari wa Afrika, shirika lililoanzishwa na Lavigerie mwaka 1868, ambao kwetu tuliwazoea kama Mapadre Weupe, waliivaa hivyo juu ya kanzu nyeupe kama sehemu ya vazi lao. Kinachoharibu ni kuigeuza mkufu wa urembo au hirizi. Aliyeivaa na haisali, aanze na fumbo moja leo.

Skapulari ya Mlima Karmeli ni vipande viwili vya sufu ya kahawia vilivyoungwa kwa kamba mbili, kimoja kifuani, kimoja mgongoni. Vikikusanyika vyote kifuani haijavaliwa inavyopaswa. Unavikwa mara moja na padre, na kuvikwa huko ni kwa maisha yote: ikichakaa unavaa nyingine tu, hata bila kubariki mpya. Papa Pius X aliruhusu mwaka 1910 kuvaa medali badala ya kitambaa, na hiyo inawafaa wanaofanya kazi za maji, ila uwe umekwisha kuvikwa ya kitambaa, na medali iwe na Moyo Mtakatifu upande mmoja na Bikira Maria upande wa pili, nayo ibarikiwe. Kamba hukatika pale inapoungana na kitambaa kwa sababu ya jasho. Shonea uzi wa nailoni mara mbili kwenye kona zote nne kabla hujaivaa. Ile ya zamani usiitupe jalalani. Ichome, majivu yafukiwe mahali pasipokanyagwa; chini ya mgomba panafaa.