Mafundi Wanajibu: Gauni la Harusi Linaloshuka, Linalobana na Linalotia Shaka

Barua za safari hii zote ni za gauni la harusi. Vipimo tunavyotaja ni inchi za futi ya fundi, na vitambaa tumevitaja kwa mita.

Shikamooni mafundi. Nimenunua gauni Kariakoo, halina mikono wala mabega, la satini na lesi yenye shanga. Dukani lilinikaa vizuri. Nyumbani nikitembea kidogo tu linashuka, mikono yote inakuwa kazi ya kulipandisha. Fundi wa mtaani anataka alibane kifuani inchi 2. Nimruhusu? – Bibi harusi mtarajiwa, Tabata

Marahaba, mdogo wetu. Usimruhusu kwanza. Gauni lisilo na mabega hubebwa na kiuno, si kifua. Ukilibana kifuani, nyama za kwapani zitatokeza juu ya ukingo na gauni litaendelea kushuka, kwa sababu uzito wa sketi ndio unaolivuta.

Ligeuze, uangalie kwa ndani. Tafuta ile miti myembamba ya plastiki ambayo mafundi tunaiita mifupa. Inatakiwa ianzie ukingo wa juu hadi kiunoni, na iwepo kwenye mishono ya pembeni, mishono inayopita chini ya matiti, na mgongoni. Magauni mengi ya bei nafuu yana miwili tu ya pembeni, tena laini, ikipata joto la mwili inapinda na kubaki imepinda. Kuongeza mingine si kazi kubwa: fundi anafungua bitana, anashonea vijia vya utepe juu ya mishono na kuipenyeza. Ncha zake lazima zikatwe duara na kufunikwa, zisije zikatoboa bitana na kukuchoma ukikaa.

Kisha tafuta ukanda wa ndani. Huu ni utepe imara usiovutika, upana wa inchi 1, unaoshikizwa kwenye bitana usawa wa kiuno, mbele na pembeni tu. Ncha zake mbili zinaachwa huru mgongoni na zinafungwa kwa kulabu kabla hujapandisha zipu. Urefu wake ni kipimo cha kiuno chako ukitoa nusu inchi. Gauni lako karibu tuna hakika halina, na hapo ndipo shida ilipo. Ukifunga ukanda huu, uzito wa sketi unakaa kiunoni, na sehemu ya juu inabaki na kazi ya kukaa wima tu. Gundi ya kubandika kifuani usiitegemee. Kwa joto la Dar, jasho huiachisha kabla ya keki kukatwa.

Ukishaweka ukanda na mifupa, inama mbele ya kioo. Ukingo wa juu ukiacha pengo, hapo ndipo pa kupunguza, nusu inchi kila upande, kwenye mishono ya pembeni. Mwambie fundi atoe kwanza shanga zote zilizo kwenye njia ya mshono. Akizipita na cherehani, sindano itavunjika au mshono utaruka. Maua ya lesi yanayovuka mshono asiyakate. Ayafumue upande mmoja, ashone satini, halafu ayalaze tena juu ya mshono mpya na kuyashona kwa mkono. Ikifanywa hivyo, hata mtu akisogea karibu hatauona mshono ule.

Jaribio la mwisho lifanye ukiwa na nguo za ndani na viatu vya siku yenyewe. Inua mikono, kaa, piga magoti kama utakavyopiga kanisani, cheza wimbo mzima. Likishuka zaidi ya nusu inchi, kaza ukanda.

Nashonesha gauni na harusi ni miezi mitatu ijayo. Nimeanza mazoezi, natarajia kupungua, ila najijua, naweza pia kunenepa. Fundi achukue vipimo vipi? – Msomaji, Mwanza

Achukue vipimo vya mwili ulio nao leo, si wa matarajio. Kupunguza gauni ni rahisi kuliko kulipanua, na kulipanua kunategemea akiba iliyoachwa ndani ya mishono. Mishono ya pembeni ni miwili, kila mmoja una kingo mbili. Fundi akiacha inchi 1 kila ukingo badala ya nusu inchi, una inchi 2 za kufungua mbele ya safari. Mwambie kabla hajakata. Akishapitisha mkasi hakuna la kufanya.

Satini ina tabia mbaya ya kubaki na matundu ya sindano. Mshono ukifunguliwa, mstari wa matundu unaonekana kwenye mwanga. Kwa hiyo sehemu ya juu ipigwe bandi tu (mshono wa muda) hadi jaribio la mwisho, ambalo lisiwe mapema kuliko wiki mbili kabla ya harusi. Kwa gauni la kubana, omba kwanza la majaribio la kitambaa cha amerikani. Mita 3 zinatosha kwa sehemu ya juu na nyonga, na hapo fundi anachora na kukata bila woga.

Mgongoni chagua kamba badala ya zipu. Zipimwe zikiwa zimeacha pengo la inchi 3, na nyuma yake kiwekwe kipande cha satini cha kufunika ngozi chenye upana wa inchi 6. Ukipungua unakaza, ukinenepa unalegeza.

Pindo la chini lipimwe na viatu miguuni, mwisho kabisa. Mbele liwe juu ya sakafu kiasi cha nusu hadi robo tatu ya inchi. Likigusa sakafu utalikanyaga kwenye hatua ya kwanza ya ngazi ya madhabahu.

Nimeshalipia gauni la mtindo wa samaki na fedha hairudi. Siku niliyolichagua nililia kwa furaha. Sasa shangazi anasema ni la kawaida mno, na mwezi uliopita rafiki yangu kaolewa na gauni pana la kifalme lililojaza kanisa. Zimebaki wiki tano. Fundi anaweza kuligeuza langu liwe pana? – Mwenye mashaka, Arusha

Kuligeuza, hapana. Gauni la samaki limekatwa kufuata nyonga na mapaja, na kitambaa cha upana unaoutaka hakimo ndani yake. Fundi akichana mishono na kuingiza vipande, utapata nguo isiyo samaki wala ya kifalme, na mahali vipande vilipoingizwa satini itavuta mikunjo.

Kabla ya kufanya lolote, tenganisha mashaka yako. Livae peke yako, au na mpambe wako tu, mchana, karibu na dirisha. Taa nyeupe za madukani huibadilisha rangi ya kitambaa na kukufanya uonekane umechoka. Mpambe akurekodi video ukitembea, hasa kwa nyuma, maana sehemu kubwa ya ibada wageni wanautazama mgongo wako. Kaa nalo nusu saa. Kisha jiulize kinachokusumbua kiko wapi hasa. Ukiweza kukionyesha kwa kidole (kifua kiko chini, mgongo uko wazi, nyonga inabana), hilo ni suala la fundi na wiki tano zinatosha. Usipoweza kukionyesha, na linakujia tu ukikumbuka harusi ya mwenzio au maneno ya shangazi, gauni halina kosa. Shangazi mpe heshima yake, ila gauni ni lako, na machozi ya siku ile yalikuwa yako. Sisi tungeliacha kama lilivyo.

Ukitaka ukubwa wa kanisani, shonesha sketi ya juu ya kuvaa na kuvua. Inahitaji neti laini mita 12 yenye upana wa inchi 60: matabaka matatu, kila moja mita 4, yanakusanywa marinda kwenye mkanda wa satini wa inchi 2 unaofungwa kwa kulabu nyuma. Upana wa neti ndio unakuwa urefu wa sketi, na ziada unaikata chini. Neti haifumuki, hivyo haihitaji pindo. Kanisani unaivaa, ukumbini unaivua, wageni wanaliona gauni la pili. Chukua neti ile laini. Ngumu ya mapambo inakwaruza satini na kunasa kwenye shanga.

Jambo moja kuhusu mtindo wa samaki ambalo wengi hawaliangalii: nyonga huongezeka ukikaa, mara nyingi kwa inchi 1 hadi 2. Kama umepimwa ukiwa umesimama tu, gauni litapasuka kwenye mshono wa nyuma siku utakapoingia garini. Pimwa ukiwa umekaa. Pia panda ngazi nalo. Usipoweza kupanda hatua ya kawaida, uchanuaji, yaani pale sketi inapoanza kupanuka, unaanzia chini mno. Ukipandishwa hadi inchi 2 au 3 juu ya goti utatembea kwa raha.

Siku ya harusi mimba yangu itakuwa na miezi mitano. Nichague mtindo gani, na je, niagize saizi kubwa? – Mama mtarajiwa, Kigoma

Hongera, mama. Saizi kubwa haitakusaidia, kwani mabega na kwapa vitapwaya na tumbo bado litavuta. Chagua mkato unaokata chini ya matiti na kuachia sketi kuanzia hapo. Kitambaa kiwe cha kudondoka, kama shifoni au krepu laini. Satini nzito hukaa mbele kama hema.

Fundi aongeze inchi 2 kwenye urefu wa mbele, kwa sababu tumbo hunyanyua sketi na viatu vitaonekana mbele huku nyuma linaburuza. Kifuani aache akiba ya inchi 1 kila ukingo. Matiti hukua haraka kuliko wengi wanavyotazamia. Mifupa na ukanda wa kiunoni tulioueleza hapo juu havikuhusu. Chagua mabega mapana yabebe uzito. Jaribio la mwisho liwe wiki moja kabla, si zaidi.

Hamjambo. Nimechagua gauni la rangi ya krimu, mama mkwe ataka jeupe pepe, asema krimu si ya harusi. Tena nitatiwa hina na piko. Nahofia gauni kuingia madoa. – Bi harusi, Mombasa

Hatujambo, bibi. Weupe haukuwa sharti la harusi hata huko Ulaya. Ulipata nguvu baada ya Malkia Victoria wa Uingereza kuolewa mwaka 1840 na gauni la satini nyeupe lenye lesi. Kabla yake maharusi wengi walivaa nguo yao bora ya rangi yoyote. Mweleze mama mkwe kwa upole kwamba krimu inapendeza zaidi kwenye ngozi zetu na kwenye picha za jioni. La kuangalia ni kutochanganya. Krimu kando ya nyeupe pepe huonekana chafu. Beba kipande cha kitambaa cha gauni unapokwenda kununua shela, viatu na shati la bwana harusi.

Hina itiwe siku mbili kabla. Rangi hukolea kwa saa 24 hadi 48, na kufikia siku ya harusi mabaki yote yameshabanduka. Piko ndiyo ya kuogopa. Ile ya kopo ni rangi ya nywele, doa lake halitoki kwenye satini na huweza kuunguza ngozi. Ijaribu nyuma ya sikio siku mbili kabla ya kupakwa, na ukiwashwa achana nayo. Wakati wa kuvaa, tupia leso nyepesi usoni na kichwani gauni likipita, poda na rangi ya mdomo zisiguse.

Harusi imepita salama. Gauni nilihifadhije ili mdogo wangu alivae? – Msomaji, Tanga

Lifuliwe ndani ya wiki moja, hata kama unaliona safi. Soda na mvinyo vikikauka havionekani, lakini sukari yake hugeuka manjano baada ya miezi. Muonyeshe dobi mahali ulipomwagikiwa. Kama shanga zimebandikwa kwa gundi, mwambie mapema. Dawa za kufulia nguo bila maji huyeyusha gundi, na shanga zitabaki chini ya mashine.

Mfuko wa nailoni uliolileta nao kutoka dukani uutupe. Kwa unyevu wa Tanga, gauni litaota ukungu humo. Lifunge kwenye shuka nyeupe ya pamba iliyofuliwa bila kutiwa wanga, weka vipande vya pamba ndani ya mikunjo, na ulilaze sandukuni. Lisitundikwe, maana uzito wa sketi utavuta mabega. Kila miezi sita lifungue, lipunge hewa kivulini, ulikunje upya mahali pengine.